Kuuguza Hadi Mwisho Hapa Songea

Mgeni anayefika Songea kwa mara ya kwanza huiona milima kabla hajauona mji. Upande wa mashariki imesimama Matogoro, ambako Mto Ruvuma huanza kama kijito cha kuvukwa kwa hatua moja, kabla ya kwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya hapa huuma kweli kweli, na akina mama hutoka alfajiri wakiwa wamejitanda vitenge viwili viwili. Mvua za Novemba zikishafika mji wote hugeuka kijani, kwa sababu Songea hata mwalimu, askari na nesi ana shamba lake la mahindi. Mahindi ndiyo benki yetu. Mtu akitaka kukueleza ukubwa wa gharama fulani, hatakutajia shilingi kwanza. Atakutajia magunia.

Nimeanza na mahindi kwa sababu nataka kuzungumza nanyi, akina mama wenzangu, juu ya gharama ambayo familia nyingi za hapa huilipa bila kukaa chini na kuihesabu: gharama ya kumuuguza mtu ambaye hatapona.

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 950. Basi huondoka alfajiri, hupita Njombe, Makambako, Iringa, mbuga ya Mikumi na Morogoro, na kufika usiku. Mimi ni nesi, na macho yangu yamezoea. Nikipanda basi hilo huweza kumtambua mgonjwa anayesafiri hata kabla ya kuambiwa. Amekaa dirishani, chini yake wamemwekea mto, na msindikizaji wake ameshika bahasha ya kaki kama aliyeshika mtoto mchanga. Wengi wanakwenda Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kufanywa kwa sheria kuwa taasisi ya saratani mwaka 1996. Kwa miaka mingi mionzi ya kutibu saratani ilipatikana huko peke yake. Baadaye Bugando, Mwanza, nao wakaanza kuitoa, lakini mama wa Songea akiitazama ramani atakuambia kuwa huo si msaada mkubwa kwake.

Tunazo hospitali zetu. Ipo ya mkoa hapa mjini, ipo ya wamisionari Peramiho, kilomita 24 hivi kwa njia ya Mbinga, na magonjwa mengi huanzia na kuishia huku huku. Saratani ndiyo inayotutoa. Na kwa wanawake wa Tanzania saratani inayoongoza ni ile ya mlango wa kizazi, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba nesi fulani ameandika wagonjwa wasiende Dar es Salaam. Safari ya kwanza, mama, nenda, hata kama ni kwa kuuza ng'ombe. Ninayotaka kuzungumzia ni safari ya tatu na ya nne.

Wapo wanaosema matibabu ya saratani ni bure, na kwenye karatasi hawakosei. Hospitali za serikali zilipoanza kuwachangisha wananchi mwaka 1993, sera iliwasamehe watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wasiojiweza na wenye magonjwa ya kudumu kama saratani. Mwaka 2018 ukaja mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa, kaya ya watu 6 kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Yote ni mema. Lakini hakuna msamaha wa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, wala wa gesti, wala wa chakula cha msindikizaji anayelala barazani wiki tatu, wala wa shamba lililobaki bila palizi kwa sababu mwenye jembe yuko Dar es Salaam.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa Songea tunalijua kuliko wengine. Mji huu una Makumbusho ya Majimaji, na hapo kuna kaburi la pamoja la mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa baadaye kidogo na kuzikwa peke yake, na wazee wetu wanaamini kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa kuomba msamaha, na ukoo bado ukaeleza hamu ya kumzika babu yao akiwa mzima. Watoto wetu wanakua wakilisikia hilo kila Februari. Mtu kuzikwa kwao, na ndugu zake wakiwepo, kwetu si jambo dogo.

Ndiyo maana nashangaa tunavyowapandisha basi watu wetu wakiwa katika wiki zao za mwisho. Mgonjwa akifia Dar es Salaam, safari ya kumrudisha huwa ghali kuliko zote alizokwenda akiwa hai. Basi la abiria halimpokei kama lilivyompokea mwezi uliopita. Itatafutwa gari ya kukodi, jeneza, dawa ya kuhifadhi mwili, mafuta ya kwenda na kurudi, na chakula cha wanaosindikiza. Nimeziona familia zilizofika Songea saa nane za usiku na maiti yao, na kesho yake zikaanza kutafuta wa kuwauzia bati za nyumba.

Jumamosi mchana, nikiwa sina zamu, mimi na akina mama watano wa jumuiya yetu huwatembelea wagonjwa waliolala majumbani. Tunakwenda Lizaboni, Bombambili, Mjimwema, na kule chini ya Matogoro ambako bodaboda hukataa kupanda wakati wa masika. Hatuna gari. Kikapu chetu kina glavu, sabuni, pamba, mafuta ya nazi, vipande vya kanga kuukuu vilivyofuliwa na kupigwa pasi, na chupa ya chai ya uji. Katika nyumba moja huko ndipo nilipoliona daftari la hesabu ambalo hadi leo sijalisahau.

Lilikuwa daftari la mtoto la shule, na mume wa mgonjwa alikuwa ameandika nyuma yake. Safari ya kwanza, ya mionzi: magunia 11. Safari ya pili, ya kuangaliwa: magunia 8. Mganga wa upande wa Tunduru: magunia 3 na mbuzi 2. Chini yake alikuwa ameandika "safari ya tatu" na kuweka alama ya kuuliza. Magunia yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki ni shamba la ekari moja na nusu, na mnunuzi alikuwa amekwisha kuja kulipima kwa hatua.

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 43, na saratani ilikuwa imemrudia baada ya mionzi. Alikuwa amekonda. Usiku alikuwa akilia kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, na walisikia. Binti yao wa kidato cha pili alikuwa ameacha kwenda shule, maana ndiye aliyembadilisha mama yake nguo na kumgeuza. Chumba kilikuwa na harufu ambayo wauguzi tunaijua, na kwa ajili ya harufu hiyo jirani walikuwa wakisalimia wakiwa mlangoni. Dawa aliyokuwa anatumia ni panado.

Mume alinionyesha bahasha ya kaki. Ilikuwa imekaa kwenye sanduku zaidi ya miezi miwili.

"Shemeji, barua hii mmesomewa?"

"Mama Nesi, hizo ni risiti tu."

Hazikuwa risiti tu. Katikati yake kulikuwa na barua ya Kiingereza, imeandikwa vizuri na kwa heshima, iliyosema kwamba ugonjwa umeenea, kwamba hakuna tena matibabu ya kuuondoa, na kwamba mgonjwa apewe tiba shufaa karibu na nyumbani kwake. Sikuwatafsiria palepale uani. Nilimwomba daktari wa hapa awaite, akawaeleza mume na mke pamoja, polepole, na akarudia.

Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa neno lenyewe ni geni kwa wengi. Tiba shufaa ni matibabu ya kutuliza: maumivu, kichefuchefu, pumzi inayobana, vidonda, hofu, na hata ugomvi wa ndugu. Haiondoi ugonjwa wala haimwui mgonjwa. Wenzetu wa mbele huiita pia hospisi, na ukisikia neno hilo usifikirie jengo. Hospisi ya kisasa ilianzishwa London mwaka 1967 na Cicely Saunders, mwanamke aliyeanza kazi kama nesi (nalitaja hili kwa kujivuna kidogo) kabla ya kusomea udaktari. Nairobi walipata yao mwaka 1990. Kampala ilianzishwa mwaka 1993 na Dokta Anne Merriman, na kwao sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani kwa mgonjwa, kwenye mkeka. Hapa Tanzania, pamoja na Ocean Road, hospitali za makanisa zilikuwa miongoni mwa za kwanza, kama ile ya Walutheri ya Selian kule Arusha na ya Muheza mkoani Tanga.

Dawa kubwa ya kazi hii ni mofini ya kunywa. Hutengenezwa kwa unga unaochanganywa na maji na dawa ya kuzuia isiharibike, basi. Uganda huitia rangi ili nguvu zake zisichanganywe, na ile isiyo kali ni ya kijani. Ni miongoni mwa dawa rahisi kabisa duniani kwa bei. Hunywewa kila baada ya saa 4, na kipimo cha kulalia huongezwa kama daktari alivyoandika ili mgonjwa asiamshwe usiku. Hufunga choo, kwa hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha, na pasipo na dawa hiyo wauguzi wengi wa Afrika hutumia mbegu za papai zilizopondwa. Hufungiwa kabatini kwa kufuli, na kila tone huandikwa kwenye rejista, kwa sababu ni dawa ya kulevya kisheria. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria ili manesi waliosomea kazi hii waweze kuiandika. Kwetu huandikwa na daktari, na kwa miaka mingi kitovu chake nchini kimekuwa Ocean Road.

Watu huiogopa. Husema, "Akipewa hiyo basi ndiyo mwisho." Wakatoliki tunakijua kisa cha namna hii, maana hata Mpako wa Wagonjwa watu hukawia kumwitia padre kwa kudhani mafuta ndiyo yanayoua. Matokeo ni kwamba padre na mofini wote huitwa saa ya mwisho, na wote wawili wanalaumiwa kwa kifo.

Basi, familia ile ilifanya kikao Jumapili baada ya misa. Kaka yake mgonjwa alikuja kutoka Mbinga, mkulima wa kahawa, mtu mwenye huruma na sauti kubwa. Yeye alitaka shamba liuzwe na dada yake apelekwe hospitali ya binafsi Dar es Salaam, ambayo alisikia ina wataalamu kutoka nje.

"Watu watasema nini?" aliuliza. "Watasema tumekaa na shamba letu tukamwacha dada afe kama kuku."

Mume alinyamaza. Hakuna mwanamume anayependa kuonekana mbele ya shemeji zake kuwa amepima ekari na uhai wa mke wake, akachagua ekari. Mimi nilijibu tu nilichoulizwa. Nilisema kuwa barua imeandikwa na mabingwa, kuwa nauli haitabadilisha yaliyomo, na kuwa barabara ya kilomita 950 kwa mtu wa hali ile ni mateso. Sikusema wafanye nini.

Ukuta wa chumba ulikuwa mwembamba. Mgonjwa akaita, tukaingia wote. Alisema maneno machache, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Shamba lile nililinunua kwa vitumbua. Msiuze. Ni la mtoto kwenda chuo. Mimi nataka kulala, hata usiku mmoja."

Kaka yake alitoka nje akakaa chini ya mparachichi, akalia. Baadaye ndiye aliyetoa fedha ya bodaboda ya kwanza kwenda kuchukua chupa.

Usiku wa kwanza wa mofini alilala. Saa moja asubuhi mume wake aligonga kwangu, hana viatu, akiamini amekufa, kwa kuwa hakuwa amezoea kumwona kimya hadi jua linachomoza. Nilikwenda naye mbio. Tulimkuta macho wazi, ameudhika kidogo kwa kelele zetu, anaomba uji.

Aliishi wiki 11 baada ya hapo. Vidonge vya Flagyl tulivisaga na kunyunyizia pale palipokuwa na kidonda kama daktari alivyoagiza, harufu ikapungua, na siku ya nne jirani mmoja aliingia ndani akaketi kitandani. Akina mama wa jumuiya tulipanga zamu za asubuhi, binti akarudi shule. Mchana mgonjwa alitolewa nje kwenye mkeka, na ndipo alipomaliza mambo yake. Alimwonyesha binti jinsi ya kuloweka mchele wa vitumbua na kiasi cha hamira. Alitaja watu watatu waliokuwa wanamdai na wawili aliokuwa anawadai. Alipatana na wifi yake ambaye hawakusemezana tangu msiba wa mama mkwe. Mtu aliye kwenye benchi la hospitali ya mbali hapati nafasi ya kufanya hayo, na mtu anayelia kwa maumivu hawezi kuyafanya hata akiwa kwake.

Siku za mwisho aliacha kula. Jambo hili huwasumbua sana akina mama, kwa sababu sisi tumefundishwa kupenda kwa kulisha. Mwili unaofunga kazi hauna tena njaa, na kumlazimisha uji ni kumpalia. Tulimlowanisha midomo kwa pamba, tukampaka mafuta, tukamgeuza kila baada ya saa mbili. Pumzi yake ilianza kukatika na kurudi, na nilikuwa nimewaeleza mapema kuwa itakuwa hivyo, kwa hiyo hakuna aliyepiga yowe la kutafuta gari. Alifariki alfajiri moja ya mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, mume na kaka yake wakiwa wameshika kila mmoja mkono wake.

Wiki zile 11 mume aliziandika pia kwenye daftari: bodaboda za kufuata dawa, sabuni, nepi, maziwa, Flagyl. Jumla haikufika magunia 2.

Sitaki msomaji afikiri hili ni jambo la maskini peke yao. Marekani hospisi iliingizwa katika bima ya wazee kwa sheria ya mwaka 1982, kwa mgonjwa ambaye madaktari wamethibitisha kuwa huenda amebakiza miezi 6 au pungufu. Hata hivyo karibu robo ya fedha za bima hiyo zimekuwa zikitumika kwa watu walio katika mwaka wao wa mwisho, na wengi huingia hospisi wakiwa wamebakiza siku za kuhesabu. Kaka wa Mbinga ana ndugu zake kule, ila wao huuza nyumba badala ya shamba. Mwaka 2010 madaktari wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu yao walipewa tiba shufaa tangu mwanzo pamoja na matibabu ya kawaida. Hao walipata matibabu mazito machache zaidi mwishoni, walikuwa na nafuu ya moyo, na waliishi zaidi ya miezi miwili kuliko wenzao. Sisi huku tunafikiri kutulizwa ni kukata tamaa!

Jambo linaloniuma ni la upande mwingine. Mwaka 2017 wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walihesabu kuwa kati ya tani karibu 300 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata sehemu moja tu ya kumi ya tani moja. Ni kilo 100 kwa nchi zote hizo. Ndiyo maana ipo siku bodaboda inarudi na chupa tupu, na usiku huo nesi anabaki na panado na maneno matamu.

Nimevutiwa zaidi na habari za Kerala, kule India, kuliko za Boston. Tangu miaka ya 1990 kwenda 2000 watu wa kawaida wa Kerala, walimu, wanafunzi, wauza maduka, walianza kuwauguza majirani zao wasiopona, wakichanga fedha ndogo ndogo na kufundishwa na manesi. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikatunga sera juu yake. Niliposoma nilijiambia, hawa wana jumuiya ndogo ndogo kama zetu, wamezipa kazi tu.

Maana kuchanga si jambo la kutufundisha. Msiba wa mama yule ulikusanya kwa siku mbili fedha iliyozidi mara nyingi matumizi ya wiki 11. Mchele ulipikwa, ng'ombe alichinjwa, kuni zililetwa kwa lori, jeneza lilikuwa na vitasa vya kung'aa. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kilitoa rambirambi kamili kama katiba inavyosema. Mume alipokea bahasha, akashukuru mbele za watu, halafu akaniambia pembeni, bila hasira yoyote:

"Mama Nesi, hii ingekuja Februari."

Mwezi uliofuata nilipeleka hoja kwenye kikundi. Niliomba sehemu ya fedha ya rambirambi iweze kutolewa mwanachama au mtu wa nyumbani mwake akiwa hai, pale daktari akiandika kuwa yuko kwenye tiba shufaa, ili isaidie bodaboda za dawa, nepi, maziwa, na posho kidogo ya anayemwuguza. Kilichobaki kitolewe msibani kama kawaida, na jeneza liwe la kawaida.

Ulitokea mjadala wa saa mbili. Mama mmoja aliuliza, "Na akipona je, atarudisha?" Katibu akajibu kuwa akipona tutamchinjia mbuzi, tukacheka. Lakini pingamizi lenye uzito lilitoka kwa bibi mmoja wa miaka zaidi ya 70, ambaye amewazika watoto wanne na hasemi ovyo. Alisema kumpelekea mtu fedha ya kaburi akiwa anapumua ni uchuro, na mgonjwa akijua ametolewa hesabu atageukia ukutani. Hakuna aliyemjibu haraka, kwa sababu ana haki. Wapo wagonjwa wa namna hiyo, na mimi nimewauguza.

Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyetoa njia. Alisema fedha hiyo isitoke kwenye mfuko wa kuzikana. Ianzishwe sanduku la pembeni, liitwe la uji, na mtu akiletewa ajue ameletewa uji, kama tulivyokuwa tukimpelekea mzazi uji zamani bila kumwuliza kama ataishi. Kila mwanachama aweke debe moja la mahindi baada ya mavuno, yauzwe bei ikipanda.

Mweka hazina ameandika kifungu hicho kwa penseli. Madebe 31 yameshaletwa na yako kwenye stoo ya jirani yangu, tumeyatia dawa ya kuzuia dumuzi. Wanachama 9 hawajaleta, wanasubiri waone. Wiki iliyopita tulipata mgonjwa wa kwanza wa sanduku hilo, baba mmoja wa Mjimwema mwenye saratani ya koo, na mke wake ameuliza kama akina mama wa zamu wanaweza kuanza Jumatatu.